Magauni ya Mwenzangu Kazini

Mjomba wangu alinipigia simu kutoka Mandera akaniambia kwamba mama sasa anamimina chai nje ya kikombe. Alisema mama alikuwa ameficha jambo hilo kwa muda mrefu. Watu wakija nyumbani alimwachia msichana yeyote aliyekuwapo awahudumie, naye akajifanya amechoka. Siku hiyo alikuwa peke yake na mgeni, akammwagia mgeni chai ya moto pajani, na siri ikatoka. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

"Njoo umchukue, au mimi nimpandishe basi aje huko kwako Garissa apasuliwe," mjomba alisema. "Akibaki hapa ataungua."

Nilimwambia ampandishe basi. Nilipomaliza kuzungumza naye niliingia chumbani nikatazama kabati.

Kabati lile ni kubwa, la milango mitatu. Seremala wa hapa mjini alilitengeneza mwaka nilioolewa, na mlango wa kati una kioo. Mlango wa kulia ulikuwa haufungiki tena kwa wingi wa nguo. Niliufunga kwa mtandio wa zamani niliopitisha kwenye vishikio, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifungua fundo kwanza, kama mtu anayefungua mbuzi. Mama angelala nami kitandani, kwa kuwa mume wangu hununua mifugo Modogashe na huja nyumbani mwisho wa mwezi tu, na wanangu wawili wana chumba chao. Nilitaka mama apate upande mzima wa kabati. Sikutaka aishi kwenye mkoba kama abiria.

Nikatoa kila kitu nikakirundika kitandani. Kitanda kilijaa, nikaendelea sakafuni. Nyingi zilikuwa abaya nyeusi. Kuna wanawake hapa mjini wanaouza nguo kwa simu. Wanatuma picha jioni, unachagua, kesho yake mzigo unafika mlangoni. Nilikuwa nikinunua abaya kama watu wanavyonunua karanga. Nyingine zilikuwa bado na karatasi ya dukani chini ya kwapa. Mbili zilikuwa zinafanana kabisa, mpaka mawe ya urembo mikononi, kwa sababu niliponunua ya pili nilikuwa nimeisahau ya kwanza.

Nilianza kutenga. Za kuvaa huku, za kugawa kule, za kutupa kwenye gunia. Jirani yangu ana ndugu katika kambi ya wakimbizi ya Ifo na huwapelekea nguo kila anapopata gari. Nilijikuta naweka kwenye fungu lake gauni lenye doa la mafuta kifuani na sketi iliyokatika zipu. Nilisimama nalo lile gauni mkononi. Mimi mwenyewe nisingelivaa hata kupikia. Nikalitoa na kulitia kwenye gunia la kutupa, lakini nilijua kwamba miaka iliyopita nilikuwa nimepeleka mengi ya namna hiyo na kuambiwa ahsante.

Mwisho kabisa, chini, nyuma ya viatu, nikaufikia mfuko mkubwa wa nailoni. Huo sikuhitaji kuufungua ili kujua una nini. Ndani yake kulikuwa na magauni ya mama.

Gauni la kwanza lilikuja Idi yangu ya kwanza hapa Garissa, nikiwa nimeajiriwa kwenye ofisi ya ardhi na nimeshajifungua mtoto wa kwanza. Watu wa basi walinipigia nikachukue mzigo kutoka Mandera. Kilikuwa kitambaa cha rangi ya chungwa chenye maua ya kijani, kila ua kubwa kama sahani, kitambaa cha ng'ambo ya mpaka ambacho wanawake hukileta sokoni kwetu. Mama alikuwa amempelekea fundi. Kwa kipimo, alimpa gauni langu moja la siku za shule ya sekondari nililoliacha kwenye sanduku lake.

Lilinikwama mabegani. Nilijaribu kulivuta, nikasikia uzi unalalamika, nikaliacha. Jioni mama akapiga simu.

"Limekukaa vipi, hooyo?" aliuliza. Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile mtoto analomwita yeye.

"Limenikaa sawasawa, hooyo."

Nilisema hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa na furaha na sikutaka kuizima. Kwa hiyo Idi iliyofuata akaleta jingine, kwa kipimo kile kile. Na jingine. Aliponiomba picha nikiwa nimelivaa, nilisema kamera ya simu yangu imeharibika, na miaka yote hiyo kamera yangu haikupona. Ningeweza kumwambia wakati wowote, "Hooyo, mwambie fundi aongeze." Ni maneno machache. Sikuyasema, na kila mwaka yalizidi kuwa magumu, maana ningelazimika kueleza pia kwa nini sikuyasema mwaka uliopita.

Hilo ndilo nililokuwa nikijiambia. Lakini nikiwa nimekaa sakafuni na ule mfuko mapajani, nilikumbuka siku moja kazini. Mwanamke aliingia kutoka huko malishoni, akiwa amevaa gauni la rangi ya chungwa lenye maua kama lile, na vumbi la safari hadi magotini. Alikuja kuuliza habari za kiwanja cha marehemu mumewe. Alipogeuka, mwenzangu wa meza ya pili alinong'ona, "Huyu amekuja kutuuzia maembe," na tukacheka. Mimi nilicheka. Gauni lile hata lingenitosha nisingelivaa.

Niliurudisha mfuko pale pale chini, nikaufunika kwa kanzu kuukuu za mume wangu na kupanga viatu mbele yake. Upande wa kushoto ukabaki mtupu, safi, unamngoja mama.

*

Mama aliteremka basini akiwa ameshikwa mkono na kondakta. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Nilimkumbatia, naye akanishika mabega, kisha mikono, akashuka mpaka kiunoni, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Mashallah," alisema. "Umejaa."

"Ni watoto, hooyo. Na kukaa ofisini."

Hakusema zaidi. Wakati ule nilidhani amechoka na safari.

Mkoba wake ulikuwa mdogo. Nilipoufungua kumpangia nguo nilikuta magauni mawili ya pamba ya kushindia nyumbani, yale tunayoyaita baati, mtandio mmoja mkubwa, tasbihi, kitana na mkeka wa kusalia. Vyote vilienea kwenye rafu moja na nafasi ikabaki. Nilikuwa nimemtolea upande mzima wa kabati na hakuwa na cha kuuwekea. Nilitawanya vitu vyake kidogo ili pasionekane patupu, halafu nikakumbuka kwamba hata hivyo haoni.

Hospitalini walitazama macho wakasema watampasua, lakini shinikizo la damu lilikuwa juu na ni lazima lishuke kwanza. Wakampa dawa, tukaambiwa tungoje. Sasa mama yangu si mtu wa kungoja. Alijaribu kuosha vyombo, akavunja bilauri. Alijaribu kupepeta mchele, nikamnyang'anya ungo. "Pumzika, hooyo," nilimwambia. Akajibu kwamba kupumzika ni kazi ya wagonjwa, na yeye haumwi, haoni tu.

Siku moja nilirudi kutoka ofisini mchana, jua likiwa limewaka mpaka mbuzi wote wa mtaani wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Niliita, sikujibiwa. Nikaingia chumbani. Milango yote mitatu ya kabati ilikuwa wazi na mama alikuwa amekaa kitandani katikati ya nguo zangu.

"Nimeona nikupangie," alisema. "Wewe unafanya kazi, huna wakati."

Kwa kweli alikuwa amepanga. Hakuweza kupanga kwa rangi, kwa hiyo alipanga kwa mkono. Pamba na pamba, hariri na hariri, vile vitambaa vyenye kuteleza peke yake, sweta za watoto peke yake. Alikuwa amekunja kila kitu kwa upana mmoja, pembe juu ya pembe. Sijawahi kuona kabati langu likiwa hivyo.

"Lakini upande huu ni giza tupu," alisema, akielekeza mkono kwenye abaya zilizoning'inia. "Hilo ninaliona. Kila ninayoishika ni nyeusi. Mmefiwa na nani?"

Nilicheka. Ndipo nilipouona mfuko wa nailoni. Ulikuwa umelala mtupu miguuni pake, na kando yake, kwenye mto wangu wa kulalia, yalikuwapo magauni yote, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa lile la chungwa. Mkono wake ulikuwa juu yake.

"Na hizi?" aliuliza. "Hizi ni za nani?"

Nimelifikiria mara nyingi swali lile. Hakuuliza kwa nini ziko nyuma ya viatu. Hakuuliza kwa nini hazijavaliwa. Aliuliza ni za nani, na mimi nikaona mlango umefunguliwa, nikapita.

"Za mwenzangu kazini," nilisema. "Alihama nyumba, akaniomba nimwekee kwa muda."

Macho yake yalikuwa yameelekea dirishani, meupe kidogo katikati, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Alikuwa anasugua upindo wa gauni kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliufuata upindo ule mpaka kwenye shingo, akaizunguka shingo yote, akarudi alipoanzia.

"Aliyemshonea hakubania kitambaa," alisema.

"Ndiyo, hooyo."

"Mwambie mwenzako nguo haziwekwi chini. Mchwa wa hapa wanakula hata mlango."

"Nitamwambia."

Akazikunja upya, moja moja. Nilitaka kumsaidia akasema hapana. Kisha akainuka, akapapasa mpaka upande wake wa kabati, ule mtupu, akazipanga kwenye rafu ya katikati, juu ya vitu vyake mwenyewe. Nilienda jikoni nikawasha jiko bila kuwa na kitu cha kupika.

Tangu siku hiyo aliuliza habari za mwenzangu. Hakuuliza kila siku. Labda tunakula anjera asubuhi, au ninamfungia kifungo cha mkono. "Mwenzako amekuja kuchukua nguo zake?" Nami nikisema bado. "Ameshapata nyumba?" Nami nikisema anatafuta. Nilimpa mwenzangu yule mume msumbufu na mtoto mwenye pumu ili mama aelewe kwa nini hana nafasi. Mama akaanza kumwombea dua mtoto yule. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikasikia akimtaja Mungu kwa ajili ya kifua cha mtoto asiyekuwapo.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja. Tulikuwa tumeketi kwenye jamvi, sahani ya wali na nyama katikati, wanangu wakishindana nani atapata mfupa. Mama akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, huyu mwenzake kazini unamjua? Yule mwenye magauni."

Mume wangu anayajua magauni yale. Alikuwapo lilipokuja la kwanza. Ndiye aliyenisaidia kulivua. Alinitazama. Nilitazama wali. Nilijua wanangu pia wanatazama, kwa kuwa wao huonja mambo kabla hayajaiva.

"Namjua," alisema mume wangu taratibu. "Si mtu mbaya. Ila ana tabia ya kuahirisha mambo."

"Hata mimi nimeona hivyo," alisema mama, akaendelea kula.

Usiku ule sikumshukuru mume wangu.

*

Shinikizo la damu likashuka, jicho la kwanza likapasuliwa. Kesho yake tulikwenda kuondoa bandeji. Muuguzi alikuwa mwanamke kutoka Kitui, mpole, aliyesema na mama kwa Kiswahili cha polepole ili aelewe. Aliinua vidole akauliza ni vingapi. Mama hakutazama vidole. Alimtazama muuguzi usoni, akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Sista," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi sasa naona fizuri. Naona kila kitu."

Tulipewa miwani myeusi na masharti. Asiiname, asinyanyue kitu kizito, asipike karibu na moshi. Siku chache zilipita hivyo, yeye amekaa barazani na miwani yake, anatazama punda wa maji wakipita na kunitajia rangi za nguo za watu. Asubuhi moja, siku isiyo ya kazi, wanangu wakiwa madrasa, akaniita.

"Mimi nimekatazwa kuinama," alisema. "Niletee zile nguo za mwenzako."

Nilizileta. Nilimwekea mapajani, nikabaki nimesimama. Alivua miwani. Akalifungua la chungwa, akalinyanyua kwenye mwanga, akageuza mkono wa kushoto nje ndani.

"Hapa fundi alipishanisha ua," alisema. "Nilimgombeza. Akasema hakuna atakayeona, ni chini ya kwapa. Nikamwambia mwanangu ataona."

Nilikaa chini.

"Hooyo," nilisema.

"Siku nilipoteremka basini nilikushika mabega nikajua hayatoshi. Hata moja. Miaka yote nilikuwa namshonea msichana aliyeondoka nyumbani na sanduku. Nikaona aibu, nikasema nitamwambia fundi apanue, nikasubiri wewe uyalete. Halafu nikayakuta nyuma ya viatu." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia. "Kwa nini hukuniambia tu kwamba umenenepa? Kwetu mtu akinenepa watu wanamshukuru Mungu. Ningewatangazia majirani."

"Sikutaka uvunjike moyo."

Alilikunja gauni. Akachukua jingine, la bluu lenye mistari ya dhahabu, akaliangalia, akaliweka.

"Na kama yangekutosha," aliuliza, "ungeyavaa?"

Upepo ulileta vumbi barazani, nikashika mtandio wangu mdomoni. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshasema uongo mwingi kiasi kwamba mmoja zaidi usingeonekana. Lakini sasa alikuwa ananiona, na uso wangu sikujua unasema nini, kwa kuwa miaka mingi sikuwa na haja ya kuuchunga mbele yake.

Nilianza kuyapanga magauni upya mapajani mwake.

"Haya," alisema mama.

Akavaa miwani. Akaniambia nimsaidie kuinuka, nikamshika mkono, tukaingia ndani. Tulipofika mbele ya kioo cha kabati akasema, "Vaa hili la bluu. Nataka nione linakwama wapi."

Nilivua nililokuwa nalo nikajaribu. Mikono iliishia kidogo chini ya viwiko, kifua kikakataa kabisa. Akajaribu kulivuta mgongoni, nikamkumbusha kwamba amekatazwa kutumia nguvu. Akavuta hivyo hivyo. Mshono ukaachia kwapani kwa sauti ya mtu anayechana karatasi, na mama akacheka. Alicheka mpaka akajishika jicho kwa woga. Nikacheka pia, nimeinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kwenye kioo niliona kwamba ninalia. Mama aliona. Alinivua lile gauni taratibu kama alivyokuwa akinivua nikiwa mtoto wa kuogeshwa, akaenda kuketi kitandani na sindano, akalishona pale lilipoachia. Hakutaka nimtungie uzi.

Jicho la pili lilipopona, akasema anarudi kwake. Alikuja na mkoba mdogo. Alirudi na ule mkoba na mfuko wa nailoni juu yake. Nilimwuliza atayafanyia nini. Akasema Mandera kuna wasichana. Nilitaka kumpa na baadhi ya abaya zangu, akanijibu kwamba msiba wangu niubebe mwenyewe. Alikuwa anatania, nadhani.

Nilipotoka kumsindikiza nilirudi nikafungua kabati. Upande wake ulikuwa mtupu tena. Nilijaribu kutawanya nguo zangu ziujaze, kisha nikaziacha. Zile abaya mbili zilizofanana nilimpa jirani kwa ajili ya watu wake wa Ifo, pamoja na nyingine ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani. Zamu hii sikumpelekea kitu ambacho nisingevaa mwenyewe. Jirani alishangaa akauliza kama nina hakika. Swali hilo pia lilinichoma.

*

Idi iliyofuata nilikwenda Mandera. Nilikuwa sijaenda kwa miaka mingi. Kila mara palikuwa na sababu, barabara, kazi, shule za watoto. Tulifika jioni, mimi na wanangu, tumejaa vumbi la njia nzima. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, nyumba ya mama ilijaa watu. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliingia na mabinti zake, na nyuma yao mabinti wa mjomba.

Wa kwanza alikuwa amevaa la chungwa. Nililijua kabla hajavuka mlango. Halafu likaingia la bluu, na la zambarau, na lile la waridi lenye nyota ambalo nililikunjua mara moja tu siku lilipofika. Mabinti walikuwa warefu, wembamba, wa umri niliokuwa nao nilipoondoka pale. Yaliwakaa. Walipotembea, yale maua makubwa yalitembea nao, na sikuona kitu cha kuchekesha.

Mama mdogo alinishika mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie," alisema. "Dada yangu ametueleza. Umekuwa ukiwashonea wasichana wetu moja moja kila mwaka, unaweka, unaweka, mpaka yakatosha wote kwa pamoja, asiwepo wa kulia. Nani siku hizi ana moyo kama huo? Wa mjini wanatusahau."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta, anachagua mawe kwenye mchele, haraka haraka, bila kuinua kichwa. Mabinti walijipanga kunibusu mkono. Kila mmoja alinishukuru. Mmoja alisema hajawahi kushonewa nguo mpya, zake zote hurithi kwa dada zake. Wanangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mkubwa aliniangalia kama baba yake alivyoniangalia siku ya wali.

Nikasema amina. Kuna jambo gani jingine ningesema mbele ya watu wote wale, siku ya Idi?

Wageni walipopungua nilimfuata mama jikoni. Nilimwuliza kwa nini amewaambia vile.

"Ulitaka niwaambie nini?" alisema. "Kwamba nilikushonea ukakataa? Wangenihurumia mimi, na wewe wangekusema. Sasa wamefurahi. Nenda ukale."

"Mimi sistahili shukrani zile."

"Najua," alisema mama, akanipa sinia nilipeleke nje.

Mchana kutwa nilikaa uani nikishukuriwa. Mama mdogo aliniuliza kama mwakani ninaweza kushona na ya kina mama, wao ni wapana zaidi. Nilisema inshallah. Binti wa mwisho, ambaye gauni lilimzidi kwa chini, alikuwa akikimbia huku amelishika kwa mikono miwili asijikwae. Nikamwita. Nikaomba sindano na uzi, nikamsimamisha mbele yangu, nikaanza kumkunjia upindo. Sikuwa nimeshika sindano tangu shule. Nilijichoma, mishono ikaenda upande, na mama akapita akaitazama kazi yangu, akaendelea na safari yake.

Nilipofika mwisho wa upindo yule mtoto aliruka akanishukuru tena, akaanza kukimbilia wenzake. Nikamwambia angoje kidogo, uzi bado sijaukata.